Dakika ya Arobaini na Moja

Nordby, Minnesota
3 Machi 1987

Pearl mpenzi,

Kaa kitako kwanza, maana habari hii si ya kusomwa umesimama. *Kijiko cha Tatu* imetoka kwenye kaseti ya video. Nimeiona kwa macho yangu katika katalogi, ukurasa wa kumi na tisa, kati ya filamu ya farasi na filamu ya mazoezi ya viungo. Miaka hamsini, shoga, na leo unaagiza kwa posta kama soksi.

Unajua nilivyoteseka. Ilipofika kwenye sinema ya hapa mwaka 1937 ilikaa siku mbili, na siku zote mbili theluji ilifika madirishani, asitoke mtu nyumbani isipokuwa mwenye sinema. Tangu hapo watu wa Nordby wameniamini kwa neno langu tu, kwamba mimi, Leota Haugen, binti wa muuza mbegu, niliketi ndani ya filamu hiyo, mezani kwa Baroni, pamoja na wageni kumi na saba, jirani kabisa na nyota mwenyewe, nimevaa gauni la satini ulilolishona wewe. Wengi wameniamini. Eunice Tollefson yeye husema, "Kama alivyotusimulia Leota," halafu anakohoa.

Sasa mji unatimiza miaka mia mwezi Juni na gavana anakuja kula chakula. Kamati itachagua mwanamke wa kukaa kichwani mwa meza kama mwenyeji wake. Ni mimi au Eunice. Yeye ana nyumba kubwa na mume aliye hai. Mimi nina darasa la adabu za mezani, miaka arobaini katika chumba cha chini cha kanisa, na hakuna msichana wa mji huu ambaye hakujifunza kwangu kwamba mkate humegwa kwa mkono na hauguswi na kisu. Heshima yangu yote imetoka kwenye meza ile ya Baroni. Wakiniona pale kwa macho yao, Eunice kwisha kazi.

Kwa hiyo Jumanne tarehe 28 Aprili umoja wa wanawake wa kanisa utakutana kwangu kuitazama. Mwenye deki ni Eunice, naye amejitolea kuileta, kwa ule wema wake unaonitia mashaka. Nakuomba mambo mawili. Itazame kabla yangu, maana huko kwenu kaseti zimejaa, uniambie nimeonekanaje. Pili, niandikie barua ya utangulizi niwasomee wenzangu. Barua zako zote huwa nawasomea baada ya kahawa na wanazipenda sana, ingawa naruka matusi.

Wako,
Leota

---

Burbank, California
12 Machi 1987

Leota,

Nimeitazama jana, na leo asubuhi nikairudia. Umependeza. Gauni limekukaa, na ule mshono wa begani ambao mkuu wa mavazi alinitukania siku nzima hauonekani. Unatokea dakika ya arobaini na moja, na unaonekana wazi kabisa.

Ushauri wangu ni kwamba usiwaonyeshe. Filamu yenyewe si nzuri kama tulivyodhani. Fundi bomba anadhaniwa ni Baroni, Baroni anadhaniwa ni fundi bomba, basi watu wanaingia milango isiyo yao kwa saa nzima. Kuna busu refu hivi kwamba nilikwenda kuchemsha chai nikarudi nikawakuta palepale. Mchungaji wenu atasemaje? Tena sauti inakwaruza. Sema kaseti imepotelea posta, utakuwa si wa kwanza.

Na barua ya utangulizi siandiki. Vidole vinaniuma.

Nina swali moja, ulijibu na usiwasomee wenzako. Ile wiki niliyolala na homa pale chumbani kwetu, ukaniletea kuku wa kuoka. Ulisema ulimnunua wapi?

Pearl

---

Nordby
19 Machi 1987

Pearl mpenzi,

"Umependeza, unaonekana wazi kabisa." Maneno hayo nimewasomea mara mbili. Eunice hakukohoa.

Mengine yote nimeyachukulia kama adabu, na nimeshangaa kuikuta kwako. Kumbe California haikukuharibu. Hapa kwetu mtu akikaribishwa kahawa anasema hapana, asante, nimetoka kunywa sasa hivi. Akikaribishwa tena anasema hapana, usijisumbue. Mara ya tatu mwenye nyumba hamsikilizi tena, anamimina, na mgeni anakunywa na keki juu. Anayekubali mara ya kwanza watu humtazama kwa pembeni. Kwa hiyo umekataa mara moja, nami nakukaribisha mara ya pili: niandikie utangulizi.

Kuku nilimnunua kwa yule Mhungaria wa kwenye kona, kama nilivyokwambia siku ile. Mimi nina gavana shingoni, wewe unaniuliza habari za kuku.

Leota

---

Burbank
27 Machi 1987

Leota,

Nisikilize vizuri. Mimi si mtu wa Minnesota. Nimezaliwa Chicago, kwenye nyumba ya watoto tisa, na kwetu aliyesema hapana mara moja alilala njaa. Nikisema hapana ni hapana. USIONYESHE FILAMU HIYO.

Jumapili nilikupigia simu. Ukasema hununui mazulia, ukakata. Nikapiga tena, ukaniambia zulia ulilonalo linakutosha na ukaniombea baraka. Kaa karibu na hiyo simu au utafute kifaa cha masikio.

Kuna kitu pale dakika ya arobaini na moja. Siwezi kukitaja hapa, kwa kuwa ninachokuandikia wewe kinasikika kanisa zima. Kumbuka hili tu: enzi zetu picha ilipita, ikishapita imepita. Deki za sasa zina rimoti, na rimoti ina kitufe cha kusimamisha picha. Akikibonyeza mtu, unabaki pale juu ya televisheni mpaka apende yeye.

Pearl

---

Nordby
3 Aprili 1987

Pearl, maskini wangu,

Nimekuelewa sasa, na nimecheka mpaka machozi. Ni ule mshono wa begani. Miaka hamsini na bado unakunyima usingizi. Mafundi mna mioyo migumu juu ya kazi zenu wenyewe. Hakuna atakayeuona, shoga, na akiuona nitasema ilikuwa ndiyo mitindo ya New York.

Umekataa mara ya pili, na vizuri tu, kwa herufi kubwa. Nakukaribisha mara ya tatu na ya mwisho. Mapazia nimeyafua. Viti nimeazima kanisani. Nitatengeneza keki ya mlozi, na Eunice ataleta ile jeli yake ya kijani yenye karoti ndani, ambayo sote tunamsifia na hakuna ajuaye ni ya nini.

Nikupe siri, na hii siwasomei. Nakitaka kile kiti, Pearl. Tangu Harold afariki hakuna anayeniuliza jambo lolote isipokuwa upande wa kuweka uma. Wasichana darasani wamebaki saba. Nataka siku moja watu wote wa mji huu waangalie kichwani mwa meza wanione mimi.

Leota

---

Burbank
10 Aprili 1987

(Juu ya bahasha: SOMA PEKE YAKO. USIMSOMEE MTU.)

Leota,

Basi nakwambia waziwazi, kwa kuwa kwa mafumbo nimeshindwa.

Dakika ya arobaini na moja fundi bomba anasimama kutoa hotuba, akidhaniwa ni Baroni. Kamera inamtazama yeye, lakini na wewe umo, kushoto, karibu na sahani ya nyota. Unamsikiliza kwa kidevu juu, unatabasamu kitajiri. Na mkono wako wa kulia, wenye glavu nyeupe mpaka kwenye kiwiko, unamchukua kuku mzima mdogo wa kuoka kutoka kwenye sahani ya nyota, unamshusha chini polepole, unamtia mkobani, unafunga mkoba. Mguu mmoja haukuingia. Unausukuma kwa kidole gumba bila kuacha kutabasamu.

Nilicheka, Leota. Nilirudisha kaseti nyuma nikacheka tena. Mara ya tatu nikatazama tarehe ya kurekodi kwenye daftari langu la kazi, na sikucheka. Ilikuwa Alhamisi ya homa yangu. Mhungaria wa kwenye kona alikuwa ameshafunga duka mwezi mzima kabla.

Uliniambia umekwisha kula studio. Nilimmaliza kuku mzima, ukakaa ukinitazama, ukasema umeshiba. Na mimi najua, kwa sababu nilifanya kazi palepale, kwamba chakula kingine chote mezani kilinyunyiziwa mafuta ya taa ili watu wa kujaza meza wasikile. Hukula kitu siku hiyo. Mimi nimekuwa mjinga miaka hamsini.

Sasa tumia akili. Hao wanawake wako wanadhani ulikuwa malkia pale mezani. Eunice akibonyeza kile kitufe, gavana atakula naye. Mimi sijali, kwangu mimi wewe ni malkia sasa kuliko zamani, lakini kiti unakitaka na najua unavyokitaka. Choma hiyo kaseti. Sema moto ulitoka jikoni.

Nakupenda, mwizi wangu.
Pearl

---

Nordby
18 Aprili 1987

Pearl mpenzi,

Kadi tu, keki iko jikoni. Barua yako ya tatu imefika na nimefurahi, lakini sikuifungua. Kukataa kwa tatu hatukuhesabu; mwenye nyumba anamimina tu. Najua umejisumbua mpaka kwenye bahasha, na nimekusamehe. Utangulizi nitausema mwenyewe kwa niaba yako, na nitakusifu.

Pasaka njema,
Leota

---

Nordby, Minnesota
29 Aprili 1987

Mheshimiwa Bi. Zukowski,

Hatujuani, ingawa barua zako nimezisikia kwa miaka mingi, bila yale matusi, ambayo tunayajua kwa jinsi Leota anavyonyamaza ghafla katikati ya sentensi. Naitwa Eunice Tollefson. Nakuandikia kwa jambo la kamati.

Jana tulitazama filamu nyumbani kwa Bi. Haugen, tukiwa kumi na wanne. Rimoti nilikuwa nayo mimi. Nasema mbele ya Mungu kwamba sikuwa na nia ya kubonyeza chochote. Ni Leota mwenyewe aliyesimama, akanyoosha kidole, akasema, "Mimi yule. Simamisha hapo, Eunice, waone vizuri." Nikasimamisha.

Picha ya deki yangu ni nzuri sana. Kuku alionekana mpaka ngozi yake.

Hakuna aliyesema neno juu ya kuku. Mmoja alisema gauni ni zuri. Mwingine aliuliza kama mapazia ya hapo sebuleni ni mapya, na wengine wakayasifu hayo mapazia kwa muda mrefu kuliko mapazia yoyote niliyopata kusikia yakisifiwa. Leota alikuwa bado ananyoosha kidole. Kisha akavaa miwani, akasogea karibu na televisheni, akakaa hapo ameinama.

Nilitaka kubonyeza iendelee, Bi. Zukowski. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Akanizuia kwa mkono bila kugeuka. Halafu akatugeukia, akasema, "Huyo ni kuku, na nilimwiba. Mapazia ni ya zamani, nimeyafua tu."

Akatueleza kwamba mwenzake alikuwa mgonjwa chumbani na hawakuwa na chakula. Aliyasema kwa maneno machache, akakaa. Ndipo Alma Quist, mwenye miaka themanini na minne na ambaye hasemi kitu hata kwenye mazishi ya nduguze, akauliza kama kuku alikuwa ameiva. Leota akasema ameiva vizuri. Alma akasema yeye mwaka 1934 aliiba viazi, debe zima, kutoka kwenye ghala la baba yangu, na vilikuwa vimeoza nusu.

Nilimjibu kitu ambacho sikuwahi kukisema mbele ya watu. Baba alijua. Alikuwa anatoa kufuli jioni na kulirudisha asubuhi, na sisi watoto tulikatazwa kuuliza. Baada ya hapo sikuweza kuwatuliza. Mmoja aliiba makaa ya treni, mwingine aliiba maziwa ya ng'ombe wa mchungaji, moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe. Filamu hatukuimaliza. Keki iliisha, na jeli yangu pia iliisha, jambo ambalo halijapata kutokea.

Lakini kamati ni kamati. Inakutana tarehe 12 Mei, na wapo waume kadhaa wasiokuwepo jana wanaosema kwamba mwizi ni mwizi hata akivaa satini. Sitakuficha: kile kiti nakitaka na mimi. Sikitaki kwa kusikia upande mmoja. Je, ni kweli kulikuwa na mgonjwa?

Wako kwa heshima,
Eunice Tollefson

---

Burbank, California
4 Mei 1987

Bi. Tollefson,

Kulikuwa na mgonjwa. Ni mimi.

Waambie hao waume hivi. Tulikuwa wasichana wawili katika chumba kimoja chenye dirisha lisilofunguka. Mimi nilikuwa fundi wa mavazi, na fundi akiumwa hakuna anayemuuliza. Nilikuwa siku ya tatu sijala. Leota alikaa mbele ya meza ile tangu asubuhi hadi jioni, samaki, nyama, mikate, matunda, na vyote vilinyunyiziwa mafuta ya taa ili njaa ya watu isiharibu mpangilio wa picha. Kuku mmoja tu alikuwa msafi, kwa kuwa alikuwa wa nyota. Nyota hakumla. Asingeweza hata kumeza mate ndani ya gauni lile. Najua kwa sababu ndimi niliyelibana.

Leota naye alikuwa hajala. Aliniletea kuku, akaniambia amekwisha kula, nikammaliza na kunyonya mifupa. Haya nimeyajua mwaka huu mwezi Machi, peke yangu sebuleni, nikiwa na rimoti mkononi na umri wa miaka sabini na mitatu.

Kama kuna mwanamume wa Nordby anayetaka kushtaki, aje kwangu. Kuku yumo humu tumboni mwangu. Na mwambie, kwa niaba yangu, kwamba yeye ni punda aliyetiwa tai. Nakuomba hilo usiliruke.

Pearl Zukowski

---

Nordby
20 Mei 1987

Pearl wangu,

Nimeifungua barua yako ya tatu. Nimeisoma mara nyingi, na sijui nianzie wapi. Nisamehe kwa mazulia.

Nilikumbuka kila kitu, usifikiri nilisahau. Siku ile msaidizi wa mwongozaji alituambia kamera iko juu ya uso wa fundi bomba tu, sisi wengine tunaonekana mabega. Nikamwamini. Miaka hamsini nimelala usingizi nikijua nimeonekana bega. Nilipoona kitu cheupe kwenye televisheni nikadhani ni doa la kaseti, nikasogea, nikakuta ni glavu.

Kilichoniumiza si kuku. Niligeuka nikawaona wenzangu wakiyasifu mapazia, na nikatambua wanachofanya, maana nimekifundisha mimi. Ni somo langu la tatu: aibu ya mtu mezani haionwi. Mgeni akimwaga mchuzi, unamuuliza habari za safari. Wote walikuwa wanafunzi wangu au mama za wanafunzi wangu, na walifanya vizuri, sina la kuwakosoa. Ningenyamaza tu, tungekunywa kahawa na lisingetajwa tena mpaka nife. Lakini nikajiona nakionea haya kitendo kimoja cha maana nilichokifanya California katika miaka miwili. Nikakasirika, Pearl. Sijakasirika hivyo tangu Harold auze piano. Ndiyo maana nikasema.

Kamati ilikutana tarehe 12. Eunice alisimama akaisoma barua yako yote, na punda na tai yake, akitamka kila silabi, na alipofika hapo akamtazama mumewe. Halafu akapendekeza jina langu kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Nikapita kwa kura zote isipokuwa moja. Nilipomshukuru nje akaniambia nisimshukuru, bado anaamini ninajisifu kupita kiasi. Akaniomba nimkubalie aje na jeli siku ya gavana, nami nilikubali mara ya kwanza, mpaka akashtuka.

Hukuniuliza kwa nini nilikudanganya kwamba nimekula, lakini nitakujibu. Kwa sababu ungenigawia. Ulikuwa unatetemeka kwa homa na ungenigawia nusu, nakujua. Na nilitaka ummalize peke yako.

Jana nilikuwa na darasa. Wasichana waliokuja walikuwa kumi na tisa, habari zimeenea. Nilipanga uma na visu kama kawaida, nikaanza na supu. Mmoja, Signe Quist, kitukuu wa Alma, akanyoosha mkono. Akauliza, "Bibi Haugen, tukiwa mezani tukamwona mgeni anatia chakula mkobani, adabu inasemaje?"

Nilifungua daftari langu. Miaka arobaini ya kuandika, na hakuna. Nimewafundisha jinsi ya kula mbele ya watu walioshiba, basi. Nikalifunga.

Nikawaambia: mnampitishia kitambaa chenu chini ya meza, apate cha kufungia. Halafu mnamwambia mwenye nyumba chakula ni kitamu, mnaomba mwongezewe, na mnampitishia na hicho.

Wakaandika wote.

Wako,
Leota